Kifua cha Mkwe

Nakutegea kitendawili, mjukuu wangu: ngoma yangu ikipigwa hakuna anayeisikia, ikinyamaza mtaa mzima unalia. Fikiria taratibu, jibu utalikuta njiani.

Ghati alikuwa ametoka Butiama kuja Manyamanyama, pale Bunda, kumwona mtoto mchanga wa binti yake Rhobi. Alikaa jikoni. Si kwamba alinyimwa kiti sebuleni, ila kwao mama mkwe na mkwe wake hawapeani mkono wala hawali pamoja. Machibya, mume wa Rhobi, akitaka kupita uani alikohoa kwanza, naye Ghati akajifunika khanga usoni. Walipendana hivyo hivyo, kwa kukwepana.

Asubuhi hiyo Rhobi alikwenda sokoni, mtoto mgongoni. Machibya alibaki uani akichomelea geti la mteja. Ghati akasikia mashine ikinguruma, kisha kishindo, kisha kimya. Akachungulia. Mkwe wake amelala chali, waya uliochubuka uko mkononi.

Akakimbilia swichi kubwa ukutani, akazima umeme, ndipo akapiga yowe. Majirani wakajaa. Samweli, muuza chipsi, akammwagia Machibya maji usoni. Mwingine akavua kiatu chake akamnusisha. Wengine wakaita bajaji.

"Hapumui," Ghati akasema kutoka mlango wa jikoni. "Mkandamizeni kifua. Katikati, kwa nguvu."

Samweli akabonyeza tumbo kwa vidole viwili, kama anayeangalia parachichi kama limeiva. "Bibi, tutamvunja huyu."

Ghati alikuwa amefundishwa. Nesi Dorah alikuja kanisani kwao akawapanga akina mama mbele ya magunia ya pamba, kila mmoja akandamize lake. Walicheka mpaka machozi. Jeska, mmoja wao, alisema gunia lake limeshafufuka, linaomba uji. Katika kucheka kote kule, hakuna aliyemuuliza Dorah: je, aliyeanguka akiwa mkwe?

Ni moyo, mjukuu wangu. Ngoma yenyewe ndiyo hiyo, nayo ilikuwa imenyamaza.

Ghati akatoka jikoni. Akamtandikia Machibya khanga kifuani ili ngozi isikutane na ngozi, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya kiganja, akanyoosha mikono, akakandamiza. Haraka haraka, bila kupumzika. Khanga ikateleza, hakuiokota. Kitu kikalia chini ya viganja vyake kama kuni kavu, na watu wakaguna.

"Mama, unamuua."

Hakuacha. Nguvu zilipomwishia akamvuta Samweli, akamwekea mikono mahali pale pale. "Hapa. Kama nilivyofanya mimi." Wakapokezana, jasho linawatiririka, mpaka Machibya akavuta hewa, akakohoa.

Kwa mazoea, Ghati akapapasa chini akitafuta khanga ajifunike uso.

Machibya alirudi kutoka hospitali Musoma akiwa hai, mto ameukumbatia kwa maumivu ya mbavu. Taabu ikaanza hapo. Kaka yake, Enoka, akawaita watu jikoni, akapunguza sauti.

"Machibya aambiwe aliyemkandamiza ni Samweli. Kwetu mama mkwe anashikaga mwanamume kifuani? Wazee wakilisikia hili, Rhobi atarudishwa Butiama na mtoto wake."

"Kwa hiyo shemeji ulitaka afe?" Rhobi akauliza.

"Nimesema hivyo mimi?"

Ghati akafunga mzigo wake.

Jioni Samweli akaja kumjulia hali mgonjwa. Machibya akamtazama sana.

"Nesi wa Musoma kaniambia aliyenivunja hizi mbavu ndiye aliyenirudisha. Nataka nimshike mkono. Ni wewe?"

"Mimi nilipokezana tu, kaka. Mwanzo nilimwaga maji."

"Aliyeanza ni nani?"

Samweli akaiangalia kofia yake. Enoka akasema hewa humo ndani ni nzito, akafungua dirisha. Rhobi akamhamishia mtoto kwenye titi la pili.

"Nauliza. Ni nani?"

Ghati alikuwa nje ya mlango wa chumba, mzigo mkononi, khanga usoni. Alijua kwamba akiondoka kimya, binti yake atabaki na nyumba yake. Alijua pia kwamba atakuja kuanguka mwingine, katika uwanja mwingine, na mama mkwe mwenye mikono inayojua kazi atasimama mlangoni, ameshika khanga yake, akimngoja Samweli.

Akautua mzigo. Akaishusha khanga mpaka shingoni.

"Ni mimi, baba."