Kumbukumbu Iliyorudishwa Mara Mbili

Mwenda alikuwa na ulimi wa kuwekewa kizima moto pembeni. Ndio uliomponza. Wiki aliyoajiriwa kuandika programu katika ofisi ile ya Malindi, alimwambia Bi Nyevu, mwandishi mkongwe wa ofisi, mbele ya watu kwamba draiva aliyoiandika mama huyo, programu ya kuendeshea kifaa, ni ya kale kuliko magofu ya Gede. Tangu hapo mama yule wa Kakuyuni hakumtazama usoni, naye Mwenda, Mmeru wa shingo ngumu, akaacha kumwamkia.

Na salamu za ofisi ile hazikuwa pambo. Shikamoo, marahaba, umeamkaje, kisha kila mtu husema jana aligusa nini kwenye programu. Ndivyo walivyokabidhiana kazi. Waliosusiana salamu walinyimana na habari.

Draiva yenyewe ilihudumia kadi ya mtandao isiyoshikika kwa mkono, kadi pepe ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu tupu, na mashine hiyo ndiyo iliyofungua lango la malori kwenye kiwanda kimoja cha chumvi kule Marereni. Kila pakiti ya data ikiingia hupewa kipande cha kumbukumbu ya mashine, kama mgeni wa matanga anavyopewa sahani. Akishiba, sahani hurudi, apewe mwingine. Ila pakiti iliyofika imeharibika ilifukuzwa na sahani yake mkononi. Sahani zikapungua hadi zikaisha, mashine ikazimia, malori yakaota jua.

Everlyne, mkuu wa ofisi, hakuzungusha maneno. Mwenda bado alikuwa kwenye majaribio. Lango likifa tena, afunge virago arudi kwao.

Mwenda akaitafuta hitilafu, akaiona, akaongeza mstari: pakiti mbovu ikifika, kumbukumbu yake irudishwe papo hapo. Hakumwambia mtu. Asubuhi iyo hiyo Bi Nyevu naye aliiona, akaongeza mstari wake kwenye faili jingine, baada ya pale pakiti mbovu zinapohesabiwa. Naye hakumwambia mtu, hasa mtu yule.

Mistari yote miwili ikapelekwa Marereni. Lango likafa vibaya kuliko mwanzo.

Everlyne alipouliza ni nani, kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole. Mwenda akarudi kwenye kompyuta akisonya, akafuata pakiti moja hatua kwa hatua, mpaka akaliona kosa. Mstari wake ulimpokonya mgeni sahani, sahani ikapewa mgeni wa pili, kisha mstari wa Bi Nyevu ukaja kuipokonya tena, mkono wa mtu ungali kwenye wali.

Mmoja lazima utoke, na alitamani sana uwe wa yule mama. Lakini wa mama ndio uliokaa mahali pake. Wake ulirudisha kumbukumbu kabla haijamaliza kusomwa. Tena, baada ya balaa hilo, Everlyne alikuwa ameagiza badiliko lolote lisitoke ofisini bila idhini ya mwandishi wa pili wa draiva, na mwandishi wa pili ndiye huyo.

Akaenda mezani kwa mama huyo.

"Shikamoo, Bi Nyevu."

"Magofu hayaitikii, kijana."

"Mstari wangu ndio mbovu. Naomba idhini niutoe."

"Sema kwa sauti. Everlyne yuko mbali."

Akasema kwa sauti. Ofisi nzima ikaacha kuchapa.

"Na wewe uliuweka wako kimya kimya," akaongeza.

"Wangu ni sahihi."

"Sahihi, na umeliua lango sawasawa na wangu."

Bi Nyevu akamkazia macho, kisha akatoa idhini kwa kidole kimoja, kama mtu anayeponda kunguni. Hakuitikia shikamoo.

Kabla ya chai Marereni wakapiga simu: malori yanaingia. Mwenda akasubiri hukumu yake akiwa amesimama. Everlyne akamwambia anabaki, si kwa kupendwa, bali kwa sababu akimfukuza yeye itabidi amfukuze na wa pili. Kuanzia kesho watakaa meza moja, na kila asubuhi wataamkiana mbele yake na kutajiana walichogusa.

Bi Nyevu akasema ingekuwa afadhali lango libaki limekufa.

Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, Mwenda akakubaliana naye kwa moyo wote.