Friji ya Haji Nuh

"Bismillahi. Enyi wafanyabiashara wa Garissa, Wajir, Mandera na kila penye antena na masikio, nyamazeni kidogo, anazungumza Haji Nuh. Nimezunguka dunia, nimeona mengi, na leo, kwa kuwahurumia tu, ninauza friji."

Sauti ilikuwa nzito, ya mzee mwenye tumbo na ngamia wengi. Ilitoka ndani ya kikombe cha bati. Aliyekishika kikombe hicho mbele ya kipaza sauti alikuwa Mahat, mwanafunzi wa kidato cha tatu, ambaye hakuwa na tumbo wala ngamia, wala hakuwahi kuzunguka chochote isipokuwa uwanja wa shule, tena kwa adhabu.

Ilikuwa likizo ya Agosti, mwaka wa tisini na sita, ukame umeshika kila mahali. Bweni lilikuwa limefungwa, naye Mahat alikuwa akikaa mjini Garissa kwa mjomba wake, Abti Barre, mwenye chumba cha taar. Taar ni redio ya upepo, ya kusema na kusikiliza. Siku hizo simu za waya zilikuwa chache na nyingi kati ya hizo zilikuwa marehemu, kwa hiyo mtu wa kambi ya Ifo aliyetaka kumjulia hali nduguye wa Wajir alizungumza kwenye taar, na kaskazini nzima ikajua nani amezaa na nani anadaiwa. Baada ya swala ya alasiri mawimbi yaligeuka soko. Mwenye kitu alikitangaza, wenye kukitaka wakashindana kupandisha bei, na mnada ukaisha kati ya watu ambao hawajapata kuonana.

Kwenye soko la mifugo wazee hupatana kwa kushikana vidole chini ya shuka, na ni vigumu kumtoroka mtu aliyekushika mkono. Hewani hakuna shuka wala mkono. Ndiyo maana palikuwa na kanuni moja: muuzaji asiyejulikana ahesabu mababu zake, jina baada ya jina, ili bidhaa isipofika mnunuzi ajue aende kuulilia ukoo upi. Ukoo ukikana, aibu. Ukoo ukikubali, unalipa.

Mtego wenyewe alitegewa Mowlid, mwenye duka la magunia, aliyekuwa na taar yake na aliyepandisha bei ya kila kitu ili jina lake lisikike mpaka Mandera. Mowlid huyo aliwahi kuwahutubia wanafunzi juani kuhusu uaminifu mpaka kijana mmoja akaanguka. Mahat hakuwa amemsamehe. Abti Barre alikuwa msikitini, na akishaswali hukaa kupiga soga. Nafasi kama hiyo haiji mara mbili.

Haji Nuh akaisifu friji yake. Ilikuwa ya Kijerumani, ikitumia mafuta ya taa, na mlango wake ulijifunga wenyewe kwa adabu. Mowlid akadakia kama ilivyotarajiwa. Lakini hata Mowlid alijua kanuni.

"Haji, hatukufahamu," akasema. "Hebu hesabu."

Mahat alikuwa ametayarisha kila kitu isipokuwa mababu. Akambunia Haji Nuh baba, akambunia na babu, hayo yalikwenda vizuri. Kuanzia jina la tatu ulimi ukamponyoka. Ulimi ni kama ngamia wa mbele. Ukishashika njia ya kisimani huugeuzi. Ukakimbia njia uliyofundishwa tangu utoto, Mahat akiusikiliza kwa hofu ukimwaga mababu zake mwenyewe mmoja mmoja hadi wa mwisho.

Ndipo sauti ya mwanamke ikaingia kutoka Kotile.

"Haji, kumbe wewe ni wa kwetu. Basi mimi sihitaji mdhamini. Nina ngamia mmoja wa maziwa. Ninamtoa."

Sauti hiyo Mahat aliifahamu kuliko yake. Ilikuwa ya Eddo Saado, shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake afariki. Eddo alikuwa akipeleka maziwa Garissa kwa lori, na kwa joto la mwaka ule yalifika yamekwisha haribika. Kwa wiki nyingi alikuwa akiyamwaga kando ya barabara. Ngamia anayemtaja alikuwa Anod. Wengine wote walikuwa wamekauka au wamekufa. Maziwa ya Anod ndiyo yaliyowalisha watoto wa Eddo, na ndiyo yaliyomsomesha huyu bwana Haji wa kikombe.

Mowlid akajitoa mnadani, kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili anayetoa ngamia wa maziwa wakati wa ukame kwa ajili ya sanduku la baridi. Hapo ndipo Mahat alipopaswa kukiondoa kikombe mdomoni. Lakini nje alisikia ndara za Abti Barre zikiburura changarawe, na njia fupi kuliko zote ya kumaliza maneno ilikuwa neno moja.

"Imeuzwa," akasema Haji Nuh, na Mahat akarudisha kipaza sauti mahali pake, akachukua ufagio.

Usiku ule alipanga vizuri. Kesho Haji Nuh angetangaza kwa majonzi kwamba friji imeanguka kutoka kwenye lori na kuvunjika, innalillahi, na kila mtu angebaki na chake. Kilichomshinda ni kwamba kesho yake Abti Barre alikaa mbele ya taar kutwa nzima. Na alasiri ilipopita, mashine ikakoroma, ikasema:

"Garissa, Kotile, hapa ni Haji Nuh. Niko Ifo."

Mahat alikuwa akimimina chai. Aliimimina mkekani.

Sauti haikuwa na kikombe. Ilikuwa sauti ya mtu mzima kwelikweli, yenye kukwaruza kidogo, isiyo na haraka. Ikamsalimia Saado kwa heshima, ikayahesabu majina yote kama alivyoyahesabu Mahat jana, bila kupunguza wala kuongeza, kisha ikaeleza kwamba ngamia aletwe Dadaab, jirani na Ifo, pale malori ya maji yanapojaza, kuna kijana atampokea, na friji itateremka na lori la kwanza linalorudi Garissa. Mahat, aliyemuumba mtu huyo kwa bati na mate, alikaribia kusimama ampe mkono.

Alijaribu. Ni haki kusema kwamba alijaribu. Alimwambia mjomba wake kwamba huenda huyo si Haji. Abti Barre akamuuliza kama anamjua. Hamjui. Kama amewahi kumwona. Hajamwona. Basi anamchafulia mwenziwe jina kwa ushahidi gani? Ukweli ulikuwa umefika kwenye meno, ukaketi hapo. Mjomba alipotoka kujisaidia, Mahat aliruka kwenye taar na kumwita Eddo huko Kotile kwa sauti yake mwenyewe, akamsihi asimpeleke Anod.

"Wewe ni mtoto wa shule," Eddo Saado akamjibu, akicheka. "Kwenu kila mtu ni mwizi mpaka aonyeshe cheti. Huyu ni damu yetu, Mahat. Akinila, amejila."

Anod akaswagwa hadi Dadaab.

Friji haikuja. Kwanza lori lilikuwa limekwama, akasema Haji Nuh. Halafu dereva alikuwa na malaria. Halafu Haji Nuh akaacha kusema. Kila alasiri Eddo Saado alimwita kutoka Kotile, kwanza kwa upole, akimwita ndugu, halafu kwa ukoo wake, halafu kwa sauti ambayo Mahat hakuwahi kuisikia, sauti ya mtu anayeongea na kisima kikavu. Katikati ya wito mmoja alisikika mtoto akilia nyuma yake, na Saado akasita, akamwambia mtoto anyamaze, akaendelea kuita.

Mahat hakuweza kula. Siku moja alivaa shati la shule, akaenda hospitali ya mission kuuliza, kwa Kiingereza safi, kama wana friji mbovu wasiyoihitaji. Mlinzi akamuuliza anataka kuweka nini ndani yake. Akarudi alikotoka. Alipeleka sanduku lake la shule na godoro sokoni, akarudi navyo kichwani, kwa kuwa mwaka ule hata wenye ng'ombe walikuwa wakiuza magodoro. Usiku alimwomba Mungu amfanye Haji Nuh awe mtu wa kweli, mwaminifu, mwenye friji. Hata yeye aliona kwamba dua hiyo ina kasoro.

Kisha Eddo Saado akaja mwenyewe, juu ya lori la makuti, vumbi limeupaka uso wake rangi ya majivu. Alikuwa amekonda. Alipokea maji, akakaa kwenye mkeka chini ya taar, akamwomba Barre amwitie Dadaab.

Aliyejibu ni Kerrow, mwenye taar ya huko, mtu anayeheshimika. Anod ameonekana, akasema. Amefungwa pamoja na wanyama watakaouzwa kesho asubuhi, na chapa ya ukoo wa Saado iko shingoni mwake, kila mtu ameiona. Saado akainuka kwa magoti, akasema mshikeni basi. Kerrow akakohoa.

"Dada, wazee wamekataa. Wanasema Haji Nuh ni mtu wa ukoo wako, amehesabu mbele ya watu wote. Ndugu akimchukua ngamia wa ndugu, hiyo si kesi ya sokoni, mkaamuane nyumbani. Angekuwa mwizi wa nje, wallahi, angekuwa amefungwa kamba kabla ya swala."

Barre akaweka kipaza sauti chini. Kesho jioni Anod angekuwa nyama, au angekuwa njiani kwenda mahali ambako chapa haisomeki.

Saado hakulia. Alikuwa akimtazama Mahat, naye Mahat alikuwa akiutazama mkeka.

"Njia nzima nilikuwa nikimhesabu huyu Haji," akasema polepole. "Nikiwauliza wazee wetu, yeye ni wa nyumba gani. Hakuna anayemjua. Halafu nikaona kitu. Amemruka Gedi."

"Gedi yupi?" Barre akauliza.

"Jina la sita katika hesabu yetu. Kwetu hakuna anayemruka Gedi, ndiye aliyechimba kisima. Ila mmoja. Mtoto mmoja nilimfundisha mababu akiwa na surua, usiku, nimechoka, nikamruka bila kujua. Akashika hivyo hivyo. Nikaona haya kumrekebisha, nikasema atakua, atajua mwenyewe." Akamsogelea kijana. "Mahat, mwanangu, hebu hesabu."

Mahat akaanza. Jina la kwanza, lake. La pili, la baba yake. Alikwenda mpaka la tano, na hapo akasimama, kwa sababu mbele yake kulikuwa na shimo ambalo sasa aliliona, na hakuwa na ujasiri wa kulipita wala wa kulijaza.

Abti Barre aliweka chini bilauri ya chai kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeogopa mkono wake mwenyewe.

"Eddo," Mahat akasema, "ilikuwa mzaha. Huyu wa Ifo simjui, wallahi simjui. Alisikiliza tu, akaiga. Lakini yule wa kwanza..."

"Usiniambie mimi. Mimi nimekwisha jua." Akachukua kipaza sauti, akakiweka mkononi mwake na kuvifunga vidole vyake juu yake kwa mikono yote miwili. "Waambie wao. Kabla ya asubuhi."

Ilikuwa alasiri, saa ya mnada. Kila taar kati ya Mto Tana na mpaka wa Mandera ilikuwa wazi. Mowlid alikuwa anasikiliza. Baba wa kila mwanafunzi mwenzake alikuwa anasikiliza. Mahat alibonyeza kitufe, na sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, ikavunjika njiani, akaiokota, akaendelea.

"Dadaab, hapa Garissa. Mimi ni Mahat, ninayesomeshwa na Saado wa Kotile. Haji Nuh hayupo. Hakuwahi kuwepo. Nilimtunga mimi, kwenye chumba hiki, na mababu niliowahesabu ni wangu. Huyo aliye huko si wa ukoo wetu wala si ndugu wa mtu. Ni mwizi. Mshikeni ngamia."

Akaachia kitufe. Kisha Kerrow akaingia, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi wakisogea karibu.

"Garissa, rudia. Wazee wamefika sasa hivi. Wanataka kusikia wenyewe, tangu mwanzo, ndipo wamshike mwizi."

Mahat akamtazama shangazi yake. Hakumsaidia. Akabonyeza kitufe, akaanza upya.