Mtungi Nyuma ya Kihenge

Raheli hakuumbwa na subira, na ile chembe aliyokuwa nayo ilimalizwa na chupa ya Sila.

Sila, mwanawe, aliileta kutoka kambi ya reli ya Wajerumani huko Zuzu: chupa kubwa ya kioo, tumbo nene, shingo nyembamba. "Wakwe wakija wauone mvinyo wenyewe, mama," alisema. "Mtungi unaficha."

Mtungi wenyewe Raheli alikuwa nao mmoja, na hakutaka kuutumia kwa wageni. Ndiyo uliochachusha pombe ya matanga ya mumewe, na kwao chombo cha msiba hakiletwi kwenye posa. Basi akaponda matunda ya furu, akatia maji na asali, akajaza chupa. Kilichobaki aliona uchungu kukimwaga. Akakitia kwenye mtungi ule, akinywe peke yake baadaye, akaufunika kigae, akapaka udongo, akaacha kitundu cha kupumulia. Akausahau nyuma ya kihenge cha mtama.

Chupa ndiyo iliyomtesa. Povu likipanda, anazibua aonje. Likishuka, anazibua ajue limekwenda wapi. Asubuhi kabla hajasalimia mtu, yuko hapo. Jua la utosi, yuko hapo, kidole kimo shingoni mwa chupa. Sila akimwambia aiache, anamwuliza ni nani atakayeaibika Matonya akitema. Maana Matonya wa Bahi, baba yake Loisi, alikwisha kumkatalia kijana wa Kibakwe kwa mapokezi mabaya tu, na Sila alikuwa hali wala halali kwa ajili ya binti yule.

Siku ya wakwe Raheli akazibua tena. Harufu ya siki ikampiga puani. Akaketi palepale chini, na sauti za wageni zikiwa zimeshafika uani.

Ndipo alipoukumbuka mtungi. Akabandua udongo, akachota kidogo. Mtamu, mkali kiasi, umetulia. Badala ya kufurahi akaogopa. Angeweza kunyamaza, na nani angejua?

Akatoka na kata iliyojaa mvinyo. Mwenyeji huonja kwanza, naye akaonja mbele ya wote. Alipotaka kumpa Matonya, akaurudisha mkono.

"Mkwe, huu umetoka kwenye mtungi wa matanga ya baba yake Sila. Ule wa chupa nimeuharibu kwa kiherehere changu."

Sila akainamisha kichwa. Matonya alimtazama mama yule. Kisha akanyoosha mkono, akapokea kata, akanywa taratibu.

"Njia nzima nilikuwa na wasiwasi," alisema, "wa kumwoza binti yangu kwenye nyumba isiyo na baba." Akampa Sila ile kata. "Kunywa, mwanangu. Kumbe baba yako yupo."

Raheli akaingia ndani kuutoa mtungi, auweke mbele ya wote.