Samaki Wadogo Wekundu

...taratibu, juu ya sahani, muuza samaki alisisitiza, ukimwaga kwa pupa udongo unatibuka na unaanza upya, kwa hiyo anamwaga maji kwa kikombe cha chai, kikombe cha ngapi hiki, hesabu imempotea, amepiga magoti sebuleni mbele ya tangi la kioo, kinyozi mzima, mikono iliyozoea wembe kwenye shingo za watu sasa inapima maji ya bomba, na kutoka chumbani sauti ya shemeji yake, mdogo wa marehemu mkewe, aliyekuja tangu asubuhi kupanga nguo, "Shemeji, na hili koti la kijivu nalo nitoe?" na yeye anaitika "Enhe," hajui amekubali nini, macho yako kwenye mche alioufunga kwa uzi juu ya jiwe, umeinama, utasimama tu maji yakifika, na samaki je, alimuuliza yule muuzaji, samaki nije lini, yule akacheka, "Mzee wangu, samaki sahau kwanza, wiki nne, tano, maji lazima yakomae," maji kukomaa, yeye alidhani yanayokomaa ni mahindi, "na haya majani yatayeyuka, yatadondoka, usije ukanigombeza, wewe tazama mizizi"... yatadondoka, ndiyo, nywele za mkewe zilidondoka wiki ya tatu ya matibabu, kwenye mto, kwenye sega, zikaziba tundu la maji bafuni, akafunga duka mchana kweupe, akamkalisha kwenye kiti kile kile cha wateja, akamfunga shuka shingoni, na mkewe kwenye kioo akimtazama, "Angalia sikio langu, bwana, ninayo mawili tu," wakacheka mpaka wembe akauweka chini... "Na viatu?" "Viatu acha," anajibu haraka mno, viatu acha kwanza, maji yamefika kwenye shina sasa, yamekuwa rangi ya chai ya rangi, hakuna kinachoonekana, na lile tangi la hospitali lilikuwa safi kabisa, kwenye ukumbi wa kusubiri, mimea imejazana, samaki wadogo wekundu wanapenya katikati, mkewe akitoka kwenye dripu lazima akae pale, "Tukimaliza haya mambo nataka kama hili," na yeye akasema nitakununulia, kwa wepesi huo, wepesi wa mtu ambaye asubuhi ile ile daktari amemvuta pembeni akamwambia ni miezi, si miaka, na yeye akasema niachie mimi, daktari, nitamwambia mwenyewe, na hakumwambia, siku ikapita, wiki, akalimeza neno lile la daktari, akawa anapiga soga kwa sauti kubwa, anakula sana mezani ili aonekane hana wasiwasi, miezi saba, muigizaji wa kulipwa hamfikii... "Shemeji, unanisikia?" anasikia, hasikii, anamsikia yule fundi wa kusafisha tangi la hospitali, siku ya mwisho waliyokaa pale, mikono ya shati imekunjwa, mkewe akamuuliza, "Mtu akianza leo, samaki anaweka lini?" na fundi, "Mwezi na nusu, mama, ukiwa na subira," na mkewe akahesabu kitu kichwani, akamgusa goti yeye mumewe, "Umesikia? Utawaweka wale wadogo wekundu. Na chakula usiwamwagie, naujua mkono wako," naye akaitikia haya, haya, twende, wateja wananisubiri, jicho kwenye saa ya ukutani... utawaweka. Kikombe kinasimama hewani. Utawaweka, alisema, wewe, hakusema tutawaweka, mwanamke ambaye kwake kila kitu kilikuwa sisi, tutakula, tutalala, tutaona, hata kikohozi cha mumewe alikiita kikohozi chetu, siku ile akajitoa mwenyewe kwenye neno, kimya kimya, na yeye alikuwa anatazama saa.

Shemeji yuko mlangoni, nguo zimemjaa mikononi hadi kidevuni. "Alijua," kinyozi anasema. "Alijua nini?" "Kwamba haponi." Shemeji anaziweka nguo kwenye kiti, anachukua muda kuziweka. "Alimbana daktari mwenyewe, hata kabla yako. Akatukataza tusikuambie. Alisema, mwacheni anifiche, ndiyo kazi aliyoipata ya kunifanyia." Miezi saba, kitanda kimoja, huyu akigeukia ukutani ajikaze, yule akigeukia dirishani ajikaze, kila mmoja akimlinda mwenzake na kitu ambacho mwenzake amekishika tayari mkononi, na mgongo wa mkewe ulikuwa pale, una joto, angenyoosha mkono tu... "Tungelia pamoja, shemeji," anasema, "hata siku moja tungelia pamoja," na shemeji anakaa sakafuni kando yake, na tangi bado liko nusu, maji meusi ti.