Vya Reli au vya Kutoboa

...na kwa nini fundi huyu aulize kana kwamba ni swali dogo, vya reli au vya kutoboa, penseli imechomekwa sikioni, mikono miwili juu ya skii mpya za Noella, zile mbao za kutelezea thelujini, zilizolala kwenye benchi bila tundu hata moja, mikono ileile, Galen aliikagua kidole kwa kidole, mikono iliyompa Noella, mke wa Galen, skii za kuazima tarehe ishirini na tisa Desemba na kesho yake goti likakatika, leo mwenye mikono anauliza vibano vya kushikia buti, vya reli au vya kutoboa, kama mtu anayeuliza sukari kijiko kimoja au viwili. Mtu wa namna hiyo hajibiwi haraka. Galen Pelletier alikuwa amejiapiza tangu yuko kwenye usukani kwamba atasema kutoboa, basi, skrubu ziingie kwenye mbao, vibano vikae pale vilipowekwa kwa buti la Noella na la Noella peke yake, milimita mia mbili themanini na sita zilizochapwa kisiginoni, asije mtu mwingine akavigusa, maana vya reli ndivyo vilivyokuwa kwenye zile skii za kuazima, unabonyeza, unavuta, vinateleza mbele na nyuma kufuata buti la yeyote anayekuja, leo la dada mmoja kutoka Boston, kesho la jitu la futi sita na nusu, na nani ajuaye kama fundi alikumbuka kuvirudisha, kitu kinachosogea husahaulika kilipoachwa, ndivyo alivyowaambia watu pale kituo cha mafuta wanapopima kulungu waliowindwa, na jalalani siku za Jumamosi, na kwenye foleni ya benki, hakumtaja Wendell kwa jina, hapana, yeye si mtu wa kuchafua majina ya watu, alisema tu kuna fundi mmoja, na katika mji huu fundi wa skii ni mmoja.

"Mimi ningekushauri vya reli," Wendell alikuwa akisema, bila haraka, kama kawaida yake. "Goti likishashonwa, mguu unabadilika, bwana. Akija kubadili mabuti mwakani, nasogeza tu. Tukitoboa, tumetoboa." Ahaa, anashauri, tazama anavyovitetea, mwizi anakusifia kufuli lako, kwa nini asiache vya reli vipumzike baada ya yaliyotokea, isipokuwa anataka kuonyesha kwamba vya reli havikuwa na kosa, kwamba yeye hakuwa na kosa, akishakubali Galen kuvinunua itakuwa kama hati ya msamaha yenye skrubu nne, mji mzima utasema unaona, hata Pelletier mwenyewe kavirudia... na alipoingia tu, kabla hajavua hata kofia, Wendell alikuwa amemuuliza, "Shemeji anaendeleaje?" Shemeji. Walikaa dawati moja wakiwa na miaka saba, Wendell Ouellette alisimama kando yake siku ya harusi na kushika pete, sawa, shemeji ni shemeji, lakini mwaka mzima huyu hakukanyaga nyumbani, mara moja tu, Februari, alileta sufuria la maharage yaliyookwa na asali ya utomvu wa miti, akaliweka ngazini akaondoka, hakugonga mlango, Galen alimwona kupitia pazia la jikoni akirudi kwenye gari lake kichwa chini, na akasema moyoni, mtu asiye na hatia hugonga. Alitaka kumpa mbwa maharage yale. Noella aliyala yote, kwa siku tatu, mguu juu ya mto, akasema maharage hayana kosa.

Noella, ambaye sasa yuko nje garini, injini inawaka ili apate joto, maana theluji ya kwanza ilianguka usiku na goti linajua kabla ya redio, Noella aliyeambiwa wiki iliyopita na yule binti wa mazoezi ya viungo kwamba Desemba anaweza kujaribu mteremko mdogo, akarudi nyumbani, akaenda kusimama mbele ya fulana zake za skii, akazigusa moja moja kana kwamba ni watoto waliorudi kutoka safari. Akianguka tena, na vibano vikikataa tena kuachia, hakutakuwa na mara ya tatu, daktari alisema hivyo waziwazi. Na bado asubuhi hii anasema, "Chagua unavyoviamini wewe. Mimi namwamini Wendell." Galen alikunywa kahawa yake ikamchoma ulimi. Anamwamini. Wakati yeye, Galen, ndiye aliyekuwa nyuma yake siku ile, hatua kumi, aliona kila kitu, theluji laini, kona ya polepole ambayo hata bibi kizee angeikata, mwili ukageuka na skii haikugeuka, skii ilimng'ang'ania mguuni, kibano kilitakiwa kiachie, kazi yake ni hiyo tu, kushika na kuachia, na hakikuachia, kisha ule mlio, alikuja kuambiwa kwamba mlio huo mtu mwingine hausikii, lakini yeye aliusikia, kisha waokoaji na sleji yao ya kubebea majeruhi, na Noella akitazama mawingu na kuomba radhi kwa kuwaharibia siku. Daktari alieleza kwamba goti linaweza kukatika hata vibano vikiwa sawa kabisa. Daktari hakuwapo mlimani. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Galen siku hiyohiyo, hospitalini, mbele ya mashine ya soda, na tangu hapo msemo huo hakuuvua.

"Haya, jaza hapa," Wendell alisema, akamsukumia fomu na kalamu. Kisha, bila kuinua macho, "Lakini safari hii shemeji atasaini mwenyewe." Safari hii! Galen alihisi masikio yakipata moto, safari hii maana yake nini, anajikinga, ameshaongea na wanasheria huyu, wamemwambia usiguse kitu bila saini yake, ndiyo maana ametulia hivi, watu wenye karatasi hutulia. "Mara ile ulimsainia wewe," Wendell aliongeza. "Nikakuachia. Haikupaswa." Aa, kumbe, sasa kosa limehamia kwenye saini, mume kumsainia mkewe aliyeshikwa na mazungumzo pale mlangoni limekuwa jambo, katika duka ambalo nusu ya mji husainiana, Galen akaona bora ajaze, ajaze kwa herufi kubwa na safi, kila kitu cha kweli, asije mtu akasema. Jina, Noella Pelletier. Uzito, na hapa kila mwanamke wa mji huu hupunguza ratili kumi na kila mwanamume huongeza, fundi anajua, huangalia mtu kwa jicho na kusahihisha kimyakimya, lakini Galen aliandika mia moja hamsini na mbili, kama ilivyo kwenye karatasi ya hospitali, hakuna utani. Urefu. Namna ya kuteleza, aliweka alama kwenye ya tahadhari. Umri, na mkono ukaandika 4.

Mkono wenyewe ndio ulioandika. Galen aliitazama ile 4 ikiwa imesimama peke yake kisandukuni, wino bado unang'aa, akainua kichwa kutafuta mahali pengine pa kutazama, akakuta sikio la Wendell, na penseli iliyochomekwa hapo... na si penseli, ilikuwa mshumaa, mshumaa wa keki, wa pinki. Jikoni kwao, Desemba iliyopita, tarehe ishirini na saba, siku Noella alipotimiza miaka hamsini. Noella alikuwa ametangaza kwamba hatimizi hamsini hadi theluji iyeyuke, na atakayelitaja neno hilo ataosha vyombo vyote, na Wendell akaingia amebeba keki, mishumaa arobaini na tisa, aliihesabu kwa sauti mbele ya watu, na ule wa hamsini akauchomeka sikioni kama fundi seremala, wote wakaimba arobaini na tisa, Noella alicheka mpaka akashika meza. Na siku mbili baadaye, hapa, kaunta hii, kalamu ya kamba kama hii, Galen aliandika 49, aliandika akitabasamu, akaisukuma fomu, na Wendell akaisoma, akagusa sikio lake, wakacheka, wanaume wawili wazima wakacheka, kisha Wendell akageukia jedwali la kukazia vibano na kufuata mstari wa arobaini na tisa. Jedwali liko palepale ukutani nyuma yake, limechakaa pembe, Galen amelitazama tangu ujana wake, wazee hulitania kila Novemba, aliyetimiza miaka hamsini apande mstari mmoja, mifupa si ile tena, vibano vimwachie mapema. Mstari mmoja. Upana wa kidole. Huenda vingeachia, huenda visingeachia, hakuna daktari wala fundi atakayemwambia, na hilo ndilo lililomuuma, kwamba hatapata hata hukumu.

Na Wendell anajua. Fomu haitupwi, iko kwenye kabati lile la bati, droo ya pili, mwaka mzima iko humo na mwandiko wake, wakati yeye anasema pale kituo cha mafuta lisemwalo lipo, na nani alilisema kama si yeye, Wendell angeweza siku yoyote kuitoa na kuiweka juu ya kaunta, mwandiko wa nani huu, mji ungenyamaza mara moja. Hakuitoa. Galen alijaribu kushuku tena, ilikuwa kama kukaza skrubu iliyokwisha meno, aliificha kwa sababu na yeye alicheka, ndiyo, alicheka, fundi hakupaswa kucheka, lakini kati ya wawili waliocheka mmoja alinyamaza na mmoja akazunguka mji mzima akiongea... na maharage yale, labda asiyegonga mlango ni yule anayejua kwamba akifunguliwa Noella atamuuliza, na akiulizwa hawezi kumdanganya. Aibu ilimshika Galen, aibu ya kitoto, ya kutaka kuwa nje, na huko nje mlango wa gari ukafungwa.

Hatua za Noella kwenye mbao za barazani, moja nzito, moja nyepesi, moja nzito. Amechoka kusubiri. Ataingia, atavua miwani yenye ukungu, atasaini mwenyewe, na yeye husoma kila kitu kabla ya kusaini, hata risiti ya mayai. Wendell alikuwa ameshaiona ile 4. Alichukua fomu nyingine chini ya kaunta, nyeupe, haijaandikwa kitu, akaisogeza taratibu mpaka ikagusa mkono wa Galen, na kwa sauti ileile ya mwanzo akauliza, vya reli au vya kutoboa, na Galen hakukumbuka hata ni vipi kati ya hivyo alivyovichukia mwaka mzima. Moja nyepesi, moja nzito. Fomu nyeupe hakuichukua. Aliikata ile 4 kwa mstari mmoja mwembamba, ili bado isomeke, akaandika 50 pembeni yake, na kengele ya mlango ikalia.