Ribiti za Shaba

Jumapili ile boti ilijazwa maji ndani badala ya nje. Mpira wa bomba ulipitishwa dirisha la jikoni, ukatumbukizwa ndani ya boti kuukuu ya alumini iliyolazwa juu ya magogo uani kwa Karani, na watu wazima tisa, kila mmoja na kipande chake cha chaki, wakapiga magoti kuizunguka wakisubiri ivuje. Ndivyo matundu yanavyotafutwa bila gharama: unatazama maji yanatokea wapi, unajua yataingilia wapi. Tone likichungulia, mtu anapiga ukelele na kuchora duara.

"Hapa!"

"Na huku kwangu, mawili!"

"Jamani, hii boti au chujio la chai?"

Kicheko kikavuka ukuta, kikamkuta Fundi upande wa pili amesimama juu ya kopo la rangi, shingo kaivuta kama anayetafuta embe la jirani. Alikuwa anahesabu watu. Kati ya wale tisa, sita walikuwa wageni wake wa kila Jumapili. Wa saba alikuwa mkewe.

Kwa miaka ishirini na ushei, Jumapili za mtaa ule zilikuwa mali ya Fundi. Yeye ni fundi bodi. Gari likibonyea, linaletwa kwake analinyoosha mpaka mwenyewe asahau liligongwa wapi. Uani kwake kulipangwa viti vya magari yaliyokufa, na juu ya viti hivyo mtaa ulikaa ukacheza karata, ukanywa chai na kuchambua mambo ya watu ambao siku hiyo hawakufika. Nani kahama usiku, nani kaposa, nani kajitia tajiri. Fundi hakuwa msemaji sana. Alipenda tu kuona viti vimejaa, na kusikia mtu akimwita kutoka mlangoni, "Fundi, kuna nafasi?" hali kila mtu ajua kwamba nafasi ipo.

Kisha shemeji yake akaleta boti.

Karani alikuwa mdogo wa mkewe, mtu aliyestaafu kwenye ofisi ya ardhi akiwa na viganja laini kama vya bibi harusi. Klabu moja ya kupiga makasia ilikuwa inafungwa, na mlinzi alitamka kwamba yeyote atakayeliondoa lile bati lililolala nyuma ya choo basi ni lake. Karani alikodi mkokoteni. Alipofika nalo mtaani alitangaza mbele ya watu kwamba ataliingiza ziwani bila kununua kitu chochote kinachoweza kuombwa.

Hapo ndipo penye siri ya ule uwanja kujaa. Mtu anayenunua kila kitu hana shida na jirani, lakini Karani alikuwa na shida na kila mtu. Kinyozi alitoa msasa. Mama wa duka la kona alitoa siki iliyopitisha muda, nayo ikang'arisha alumini iliyokuwa imefifia kama sufuria ya msibani. Jirani mmoja, mwanamke aliyeitwa Redio kwa sababu zinazoeleweka, alitoa mlango wa kabati lake, ukakatwa na kuwekwa mahali pa ubao wa nyuma uliooza. Kila aliyetoa kitu alirudi kesho yake kuangalia kitu chake kinaendeleaje. Akishafika, anabaki.

Fundi peke yake hakuombwa kitu. Na hilo ndilo lililomkaa kooni. Yeye ndiye mwenye nyundo za kila umbo, yeye ndiye anayeongea na bati likamwelewa. Wiki ya kwanza aliandaa jibu la kumkatalia Karani: "Ningependa, shemeji, ila nimebanwa na kazi." Alilifanyia mazoezi hadi sauti ikawa na huruma inayofaa. Hakuna aliyekuja kukataliwa.

Jumapili iliyofuata ile ya chaki walikuja wawili tu kwake, mzee mmoja asiyesikia vizuri na Redio, ambaye hakukaa.

"Nimepita kukujulia hali tu," alisema Redio, mguu mmoja ndani, mwingine njiani. "Wenzako wako kule wanavunjika mbavu. Huji?"

"Kuna nini cha kuona? Bati."

"Bati, ndiyo. Lakini bati lenye watu. Hapa kwako, Fundi, naona viti vinatazamana."

Alikwenda zake. Fundi akachanganya karata, akamgawia mzee, wakacheza kimya kimya, kila mmoja akijua kwamba mwenzake anasikiliza ng'ambo ya ukuta.

Jioni hiyo mkewe alirudi na vumbi la kijivu kwenye nyusi, akicheka peke yake.

"Leo nimelala chini ya boti," alisema akinawa. "Chini kabisa, mgongo kwenye mkeka. Naingiza ribiti kwenye tundu, naikandamiza kwa kipande cha chuma, mdogo wangu yuko ndani anagonga. Meno yote yananicheza! Nimeshika kumi. Kumi, baba watoto, na hakuna hata moja iliyolegea."

"Kazi ya kushika chuma," alisema Fundi. "Hata jiwe linaweza."

Mkewe hakumsikia, au alijitia hamnazo. Alichomoa kitu kwenye fundo la kanga akakiweka kwenye kiganja cha mumewe: msumari mfupi, mnene, wenye kichwa cha mviringo, mwekundu unaong'aa.

"Fundi mikoba mmoja amefunga kazi, amempa Karani kopo zima bure. Tazama inavyopendeza. Kama hereni."

Fundi aliigeuza ribiti ile kwenye mwanga wa dirisha. Shaba nyekundu. Na boti ni alumini. Kuna mambo ambayo mtu wa bodi huyajua kama anavyojua jina la mamake, na mojawapo ni hili: shaba na alumini zikilala pamoja kwenye maji, shaba inabaki nzima na alumini inaliwa. Hailiwi siku hiyo. Inaliwa polepole, kuzunguka kichwa cha kila ribiti, unga mweupe kidogo kidogo, mpaka msimu mmoja au miwili ipite na tundu liwe kubwa kuliko kinachoziba.

Mkewe alikuwa anamtazama, akisubiri.

"Nzuri," alisema Fundi.

Akamrudishia. Na alipomrudishia alihisi ndani ya kifua kitu kama utamu wa sukari guru, akakiacha kiyeyuke taratibu.

Siku ya pili aliokota nyingine moja, iliyodondoka kutoka kwenye gauni la mkewe. Kwenye karakana yake alitoboa kipande cha alumini, akaigonga hiyo ribiti humo, akakitumbukiza kwenye bakuli la maji nyuma ya makopo ya rangi. Akatia na chumvi, vijiko viwili, kwa kuwa ziwa lina subira na yeye hakuwa nayo. Kila asubuhi kabla ya kushika nyundo alikwenda kulitazama bakuli lake kama mtu aliyeficha kifaranga. Siku ya nne maji yalianza kuwa na ukungu. Siku ya tisa kulikuwa na pete nyeupe. Wiki ya tatu, alipokuna kwa ukucha, bati lilimeguka.

Upande wa pili wa ukuta nyundo ziliendelea, na sauti ya mkewe kutoka chini ya boti ikifoka, "Gonga, wewe, mkono umekufa ganzi!" Kisha kicheko. Katika miaka yote ya ndoa yao mkewe hakuwahi kuingia karakana zaidi ya kuleta chai mlangoni. Siku za mwanzo aliwahi kuokota nyundo moja ndogo na kuuliza ni ya nini. Fundi alimwambia, "Weka chini, utajiumiza." Alisema kwa mapenzi, au aliamini hivyo. Mkewe akaiweka chini. Hakuuliza tena.

Jumamosi, siku moja kabla ya boti kupelekwa ziwani, Fundi alivaa shati safi, akakausha kile kipande cha alumini, akakitia mfukoni. Alichagua saa kumi alasiri, maana ndiyo saa ambayo uwanja wa Karani ulijaa zaidi.

"Leo jua limetokea wapi?" Redio alipaza sauti alipomwona. "Mpisheni bwana mkubwa!"

Watu wakacheka, wakasogea. Boti ilikuwa imesuguliwa ikawa kama sarafu mpya, na chini yake ribiti zilipangana mistari minne mirefu, nyekundu juu ya fedha. Fundi alilazimika kukiri moyoni kwamba ilikuwa inapendeza, na roho ikamuuma zaidi.

Karani alimletea kiti mwenyewe. "Shemeji! Karibu sana. Nilitaka kukuita tangu siku ya kwanza, wallahi. Ni huyu dada yangu alinizuia."

"Nilimzuia," mkewe alisema bila kuona haya. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa boti, miguu inaning'inia, msasa mkononi. "Ningekuacha uje, ungeshika kila kitu wewe. Sisi tungebaki kushika vikombe."

Lilikuwa neno la utani, na watu walilipokea kwa utani. Kinyozi aliangua kicheko akapiga paja. Fundi aliingiza mkono mfukoni.

"Tazameni," alisema, akakiweka kile kipande juu ya ubao wa Redio. "Ribiti ni hizo hizo mlizopiga. Bati ni kama hilo hilo."

Wakasogea. Kinyozi alikigusa kwa kidole, ukingo ukamomonyoka. Fundi akaeleza, kwa maneno machache, shaba inavyofanya, na kwamba msimu ujao au wa pili boti itaanza kuachia kwenye mistari yote minne kwa mpigo, pengine watu wakiwa katikati ya maji. Kimya kikashuka uwanjani. Ndicho kimya alichokiota wiki tatu, kila mtu akimtazama yeye, na sasa kilipofika alikionja akakuta hakina ladha.

"Zote, shemeji?" Karani aliuliza.

"Zote."

"Ziko mia moja na nne." Karani aliinua viganja vyake akavitazama. Havikuwa laini tena. Malengelenge yalikuwa yamepasuka na kukauka na kupasuka upya. "Nilidhani shaba ndiyo bora. Inaonekana bora."

Mkewe alishuka kwenye ukingo wa boti. Alikichukua kile kipande, akakigeuza juu chini, akapitisha dole gumba kwenye ile pete nyeupe.

"Hii si ya jana," alisema.

"Si ya jana."

"Ulijua tangu lini?"

Wote walisikia swali. Fundi aliona njia ya kupita: siku mbili, angesema, au tatu, nilitaka kuhakikisha kwanza. Wangemwamini. Redio mwenyewe angemsambazia mtaa mzima jinsi Fundi alivyowaokoa watu wasizame. Alifungua kinywa na hilo jibu likiwa tayari ulimini, laini, kama lile jingine alilolifanyia mazoezi bure.

"Tangu siku ile uliponionyesha," alisema.

"Mimi?" Aliitamka taratibu. "Nilikuwekea mkononi. Ukaniambia nzuri."

"Nilikuambia nzuri."

"Nikarudi kulala chini ya hilo dude siku kumi na nane. Nikija nyumbani nakuhadithia, wewe unakula, unaitikia."

Redio, ambaye katika maisha yake hakuwahi kuondoka kabla habari haijafika mwisho, alikumbuka kwamba ameacha kitu jikoni. Kinyozi akakumbuka mteja. Waliondoka mmoja mmoja, kwa adabu, bila kuagana kwa sauti, na uwanja ulibaki na watu watatu na boti.

"Umezipiga vizuri," Fundi alimwambia Karani hatimaye. "Mimi mwanafunzi akinipigia mia na nne, ishirini nazirudia. Zako zimekaa zote. Sikutegemea."

Karani aliitikia kwa kichwa, bila kuinua macho.

"Nina ribiti za alumini. Makopo mawili, zilibaki kwenye kazi ya basi. Na drili." Akasita. "Kama mnataka."

"Nenda kalete," mkewe alisema. Hakumtazama.

Aliporudi alikuta Karani ameshaweka ngazi ndogo ubavuni. Fundi alipanda, akapiga magoti ndani ya boti, akaweka drili kwenye ribiti ya kwanza ya mstari wa kwanza. Nyuzi za shaba zilijikunja na kuruka. Ilipolegea aliisukuma ikaanguka chini, na kwenye sakafu ya boti likabaki tundu lenye mwanga, la ukubwa wa punje ya mbaazi. Karani aliinama kuingia chini.

"Ngoja, shemeji," alisema Fundi.

Mkewe alikuwa amesimama kando ya mkeka, mikono kafumbata.

"Mama," alimwita. "Nishikie."

"Bado nina hasira."

"Najua."

"Hata sijaanza."

"Najua."

Alichukua ribiti mpya moja kwenye kopo, akakiokota kile kipande cha chuma, akakipima uzito mkononi, akamtazama mumewe kwa namna iliyomfanya Karani arudi hatua moja nyuma. Kisha akainama, akatoweka chini ya boti. Mkeka ulichakarika. Fundi alichungulia kwenye tundu akakuta jicho la mkewe limeshafika, linamtazama kutoka chini, kavu, halipepesi. Walitazamana hivyo kwa muda, na bati kati yao.

Jicho likaondoka. Baada ya kitambo ncha ya ribiti mpya ikachomoza, nusu, ikasimama hapo.

Fundi aliinua nyundo, akasubiri imalize kupanda.