Chungu Kisichoingia Samaki

"Nimesema sikivunji, maalimu. Au unataka nikuimbie?"

Batuli alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, mikono kiunoni. Mbele yake maalimu Nasoro, aliyefundisha watoto Kurani hapo Rumonge, alinyoosha fimbo kuelekea chungu kidogo cheusi kilichotundikwa ukutani, mbali na vingine.

"Chungu hicho ni ushirikina. Mtoto wako kaja kuniambia mwenyewe, mbele ya chuo kizima."

"Hakukuambia. Alikuuliza. Nawe ukamjibu kwa fimbo."

Sikujua, bintiye, alikuwa nyuma yake akisugua mkono uliovimba. Asubuhi ile alikuwa ameuliza swali moja tu. Bibi anasema mla samaki akigusa maziwa, ng'ombe hukauka. Maalimu anasema samaki ni halali. Padri aliyepita na mtumbwi juzijuzi alisema bibi na maalimu wote wamepotea. Je, wote watatu wanaweza kuwa wakweli?

Bibi huyo alikuwa mama mzazi wa Batuli. Aliteremka kutoka milimani baada ya Wadachi kumchukua mwanawe akabebe mizigo, asirudi. Alikuja na chungu chake kichwani, maana kwao watu hawali samaki, wala hawali kilichopikwa katika chungu cha samaki, na huku ziwani hakuna chungu kisichojua ndagala. Mara moja Batuli alisugua chungu kingine kwa mchanga na majivu, akampikia maharagwe. Bibi alinusa, akasukuma bakuli, akashinda na njaa mpaka kesho yake jioni.

"Na tonge la kwanza hulitupa motoni kwa ajili ya wafu wake," maalimu akasema. "Ndani ya nyumba ya Mwislamu! Mumeo Asmani akirudi kutoka Ujiji..."

"Asmani ndiye aliyekitundika. Anamwogopa mama mkwe wake kuliko anavyokuogopa wewe."

Bibi akapaza sauti kutoka uani, kwa Kirundi: "Huyo mla nyoka wa majini anataka nini?"

"Anataka ufe njaa, mama."

"Mwambie meno yake yananuka mpaka huku."

Sikujua akacheka. Maalimu, ambaye Kirundi alikijua vizuri, akaupiga mlango fimbo.

"Kivunje, au mtoto huyu asikanyage tena chuoni kwangu!"

Kicheko kikakatika. Sikujua alikuwa amebakiza kidogo tu ahitimu. Hata mbuzi wa karamu yake alikwisha chaguliwa. "Mama, kivunje," akanong'ona. "Tutamnunulia bibi kingine."

"Na hicho kingine kitavunjwa vilevile. Nyamaza."

Bibi alikuwa amesikia. Aliingia ameshika kifurushi chake. "Mwana wanje, mwanangu, narudi kwangu. Mtoto asome."

"Kwako kuna nani wa kukutekea maji? Kaa chini!" Batuli alikuwa hajawahi kumfokea mama yake hata siku moja. Akamgeukia Sikujua. "Uliuliza, basi sikiliza. Hayawezi kuwa kweli yote. Padri anasema Mungu ana mwana, sisi tunasema hana. Mmoja amekosea, na mimi nasema ni padri. Yeye anasema ni mimi. Bibi yako naye amekosea. Tangu niolewe nakula samaki, na nilipopanda kuwaona nilikamua ng'ombe wa mjomba wako kwa mikono hii. Hakuna aliyekauka."

"Ulikamua?" Bibi akaangusha kifurushi. "Kwa mikono hiyo?"

"Nilikamua. Na maziwa ukayanywa."

"Ndiyo maana mwanangu amepotea! Wewe ndiye uliyemleta Mdachi mlangoni kwangu!"

Batuli akakiokota kifurushi. "Hata hapo umekosea, mama. Si Mdachi mwenyewe; waliomchukua kaka yangu ni askari wake wa boma. Nao Ijumaa iliyofuata waliswali hapa nyuma yako, maalimu, na kamba zao za kufungia watu kiunoni. Uliwazuia mlangoni? Uliwachapa mikono? Fimbo yako inajua watoto na vyungu vya vikongwe tu!"

Maalimu akaishusha fimbo.

"Bibi yako amekosea, na atakula," Batuli akamwambia mtoto. "Mtu hanyimwi chakula kwa sababu amekosea. Jibu langu ndilo hilo, lingine sina."

"Basi huyu si mwanafunzi wangu tena," maalimu akasema kwa sauti ndogo. "Tuone nani atamhitimisha."

"Mimi. Wakwe zangu walinisomesha Ujiji mpaka nikahitimu. Fimbo ya mwalimu wangu ilikuwa fupi kuliko hiyo, na tulisoma kuliko wanafunzi wako."

Akampita bila kumwomba njia. Alivuka ua na vitanga vya ndagala zilizoanikwa, akapanda kibarazani kwa maalimu ambako watoto walikuwa wamekaa na mbao zao za kusomea, akauchukua ubao wa Sikujua katikati yao, akarudi nao kwapani; maalimu alikuwa amekwenda zake.

Alikitungua chungu kidogo, akakitia maharagwe na maji, akakiteleka. Bibi alikuwa amekaa sakafuni amempa mgongo. Batuli hakumbembeleza. Akamvuta Sikujua karibu na moto, akamwekea ubao mapajani.

"Mlifika wapi?"

Mtoto akaonyesha kwa kidole.

"Soma. Kwa sauti."

Sikujua akasoma. Katika neno la tatu alikosea, na mama yake akamrudisha mwanzo.